Bibi arusi anaonekana wazi, sauti iko wapi?

Wapiga video wa mji wa Baraka, Kongo, wameshakata shauri: bila kamera ya DSLR, hiyo si arusi. Na wana haki. Tangu Canon EOS 5D Mark II itoke mwaka 2008, kihisi chake kipana kimempa fundi wa mtaani uwezo uliokuwa wa studio kubwa: bibi arusi anang'aa, Ziwa Tanganyika nyuma yake linageuka ukungu wa buluu, na mabati yenye kutu hayaonekani tena. Hata kipindi kizima cha tamthilia ya House, Marekani, kilipigwa kwa kamera hiyo mwaka 2010. Ila kule kulikuwa na mtu wa kushika fokasi na mwingine wa sauti. Hapa Baraka fundi ni mmoja, kamera yake haimfuati anayetembea, na mashangazi wanakuja mbele wakicheza. Ukungu ule mtamu ndio unaowameza. Tena video ya 5D Mark II hukatika yenyewe kwenye dakika 12 hivi, kwa kuwa faili haizidi gigabaiti 4. Mchungaji wakati huo bado anasalimia wageni. Watetezi wa DSLR watasema simu ni mbaya zaidi gizani, na kinasa sauti cha pembeni kinatibu sauti mbovu ya kamera. Kweli, kinatibu, kikinunuliwa. Lakini pesa zote zimekwisha kwenye lenzi, kwa hiyo kwaya inaimba sauti nne, na mnunuzi wa video anasikia upepo.