Baraza la Ndege

Hapo kale, tena si kale sana, ndege wadogo wa msituni waliruka hadi kando ya ziwa kushitaki kwenye baraza la ndege wote. Chozi, Tetere, Mnana na Shore walikuwa na neno moja: "Tulikuwako kabla hamjaja. Miti yetu mnaikata, mnatuamuru tuhame, wala hatuulizwi."

Baraza lilisikitika sana. Likaunda kamati.

Kamati iliandika kwa miaka 11. Ajabu ni kwamba wadogo walipewa nafasi ya kusema, nao wakasema: ndege asihamishwe kwa nguvu, mti usiguswe kabla wenye viota hawajaarifiwa na kuridhia kwa hiari yao. Andiko lilipokamilika, wakubwa walilipigia makofi, kisha wakalikabidhi kwa kamati nyingine ichunguze makofi hayo yalimaanisha nini.

Hiyo nayo ikakaa miaka 11. Kila msimu walikutana, wakabishania nukta, wakala, wakaagana. Safari moja wadogo walitoka kikaoni kwa hasira. Safari nyingine baadhi yao waligoma kula. Katibu Kongoti akaandika: "Majadiliano yanaendelea vizuri."

Wakaidi kupita wote walikuwa Kunguru wanne, ambao babu zao walishuka melini wakakuta viota vimejaa. "Wenyeji wetu tunawapenda mno," walisema. "Wimbo wao, manyoya yao, ngoma zao. Kinachotutia hofu ni ardhi yao tu."

Andiko lilipofika mkutano mkuu, Kanga na jamaa zake wakaomba liahirishwe. "Kwetu sisi sote ni wenyeji," Kanga alisema. "Au huyu Shore ni mwenyeji kunishinda mimi?"

"Kama sote ni sawa," Shore akamjibu, "mbona mti unaokatwa huwa wangu kila mara?"

Kanga akakumbuka ana miadi mahali.

Ikabidi kifungu cha mwisho, cha 46, kiongezwe maneno: lisiwepo humu neno la kuruhusu tawi kutengwa na mti mkuu. Nyuso zikakunjuka. Mwaka wa 25 kura zikapigwa. Waliokubali 144, waliokataa 4, Kunguru wale wale, na 11, Kanga akiwamo, walitazama juu kukagua mawingu.

Atakayesema hesabu hii ni ile ya kura ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wa asili, New York, tarehe 13 Septemba 2007, ambapo Australia, Kanada, New Zealand na Marekani zilikataa, na Kenya na Burundi zikawa miongoni mwa zilizojizuia, ana kumbukumbu nzuri. Sisi tunasimulia ndege.

Haikutimia miaka minne, Kunguru wakarudi mmoja mmoja, wamebadili nia. Walikuwa wameshamwuliza Bundi, mjuzi wa sheria, naye akawatuliza: hili ni tamko, si mkataba, halimfungi yeyote.

"Mmepoteza robo karne," Kunguru mkubwa alimcheka Shore. "Tamko lenyewe halina kucha."

"Najua," Shore akasema. "Lakini zamani ulinifukuza ukidai hukujua. Sasa utanifukuza baada ya kukiri mbele ya ndege wote kwamba ni kosa. Nami nitatua kwenye tawi la jirani, nikusomee kifungu kwa kifungu, mpaka makinda yako yakikariri."