Mchina wa Makanyagio

Ukitaka kujua kama kijana wa Mpanda amepata kazi, usimuulize yeye. Muulize muuza mkaa wa jirani na mama yake. Mimi habari za ajira yangu ya kwanza nilizisikia hapo, mtaani kwetu Makanyagio, nilipotumwa mkaa debe moja. Kumbe nimeajiriwa Dodoma, tena kwa mshahara mnono, ila nimerudi nyumbani kwanza nipumzishe kifua kwa sababu ya baridi ya China. Nikamshukuru muuza mkaa kwa taarifa, nikachukua na debe la pili kwa mkopo. Mtumishi wa Dodoma hanyimwi mkaa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi na shahada ya uhandisi wa rasilimali za maji kutoka Chuo Kikuu cha Hohai, Nanjing, na kazi sina. Chuo chenyewe si cha kubabaisha. Kinafundisha mambo ya maji tangu mwaka 1915, wakati huku kwetu Wajerumani na Wabelgiji wanagombea Ziwa Tanganyika. Na hiyo baridi niliyosingiziwa, Wachina wenyewe wanauhesabu Nanjing miongoni mwa matanuri ya nchi yao, kwa joto lake la kiangazi. Kifua changu kilikuwa kizima kabisa. Kilichokuwa mahututi ni mfuko.

Umaarufu wangu ulianzia kwa mjomba. China mtu akihitimu anapewa vyeti viwili: kimoja cha kumaliza masomo, kingine cha shahada yenyewe. Ndivyo walivyo, hawana utani na karatasi. Mjomba alinipokea stesheni, akaomba aione “hiyo kitu” kabla hata hajaninyang'anya begi. Akafungua jalada la kwanza, akafungua la pili, akanitazama kama mtu aliyegundulika ana mke wa pili. Bodaboda ilipotufikisha nyumbani, tayari nilikuwa na digrii mbili. Jumapili katekista akatangaza kigangoni, baada ya michango ya ujenzi wa choo, kwamba mtoto wetu amerudi kutoka ughaibuni na digrii mbili, na waumini wakapiga makofi mara mbili.

Nilijaribu kumweleza mjomba. “Nyamaza,” akasema. “Ninyi wasomi tatizo lenu mnapenda kupunguza.”

Kisha ikaja barua ya TCU. Kwa asiyejua, ukisoma nje huendi kuomba kazi serikalini na cheti chako hivi hivi. Lazima kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ikitambue na kukilinganisha na tuzo za hapa nyumbani. Unapeleka cheti, hati ya matokeo, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, unalipa, unasubiri. Majibu yalikuwa mazuri: shahada yangu inatambuliwa. Mjomba aliisoma ile barua, akaigeuza nyuma kuona kama inaendelea, akaisoma tena. Halafu akanivuta pembeni mama asisikie.

“Na ile nyingine wamempa nani?”

Baada ya hapo nikahamia steshenari. Maombi ya utumishi wa umma siku hizi hayaendi kwa bahasha ya kaki. Yanapitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ule tunaouita Ajira Portal, na huko wanataka namba ya NIDA, vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili na barua yenye saini, vyote vimeskaniwa. Kwa hiyo kijana wa steshenari ndiye aliyekuja kujua siri zangu zote, ikiwemo alama yangu ya Hisabati ya kidato cha nne, ambayo mama hadi leo anaamini ilipotea posta. Mpanda kwa miaka mingi haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa tunaishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na jenereta lina namna yake ya kujua siku ya mwisho ya tangazo la kazi. Nakumbuka jioni moja tumesimama mle dukani gizani, vijana watupu, kila mmoja kashika flashi yake mkononi, asilimia za kupakia zimegandia kwenye kioo kilichozimika. Mwenye duka, mtu wa biashara, akatuuzia karanga.

Hatimaye nikaitwa usaili Dodoma. Reli yetu Waingereza waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kufuata madini ya risasi. Zama za risasi zikapita, siku hizi treni inabeba mahindi, asali na sisi wa usaili. Behewa zima lilikuwa linakariri. Tunafika Kaliua nimeshafundishwa na wenzangu namna ya kubisha hodi, namna ya kuketi bila kuegemea, na kwamba ukiulizwa udhaifu wako useme unafanya kazi kupita kiasi. Nikafaulu, lakini nafasi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo jina langu likahifadhiwa kwenye kanzidata: nafasi ikipatikana, nitapangiwa.

Nikampigia mama. “Mama, nimefaulu, nipo kwenye kanzidata.”

Hapo ndipo ilipozaliwa ile ajira yangu ya mkaani. Jirani mmoja alitaka kujua kama hiyo Kanzidata iko mbali na Dodoma mjini. Mama akamjibu kuwa haizidi kutoka hapa mpaka Nsimbo.

Huku nikiwa mtumishi wa Kanzidata, nikapata pa kujitolea katika ofisi moja ya mjini, ambayo siitaji kwa sababu bado nawadai nauli. Kujitolea ni kazi inayofanana na kazi kwa kila kitu isipokuwa mwisho wa mwezi. Unavaa, unawahi, unasaini kitabu cha mahudhurio, unatumwa chai ya rangi. Siku mkuu aliponiita ofisini kwake, nilibeba kabisa daftari langu la michoro. Akanikabidhi rimoti ya kiyoyozi. “Hebu kisemeshe hiki kitu,” akasema. “Wewe si umetoka kwao?”

Na hapo kisheria hata mhandisi sikuwa. Bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huruhusiwi kufanya kazi kwa jina hilo, na njia ya kufika kwenye usajili kamili inapita kwenye mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi mwingine, ambayo nayo yanataka uwe na mahali pa kazi. Mtaani lakini nilikuwa Injinia tangu stesheni, na nikichelewa kuitika Injinia, naitwa Mchina. Mama yangu, aliyejulikana kwa jina la dada yangu mkubwa maisha yake yote, akawa Mama China. Dada hajatusamehe.

Kampuni moja binafsi ikaniita kwa mahojiano. Nikaeleza utafiti wangu wa kuhitimu, modeli ya kutabiri mafuriko katika tawi moja la mto Yangtze. Nikatiririka vizuri, mpaka mimi mwenyewe nikavutiwa. Mzee aliyeketi katikati ya jopo alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Katuma unaujua?”

Nani Mpanda asiyeujua Katuma? Unapita kwenye mashamba ya mpunga, wakulima wanachota chao, kilichobaki kinaingia Hifadhi ya Katavi. Masika unafurika. Ikifika Septemba, Oktoba, umekuwa madimbwi ya tope, na humo viboko wanabanana kwa mamia, mgongo kwa mgongo, wanagombana mchana kutwa.

“Sasa mwezi wa kumi,” akasema mzee, “modeli yako inasemaje?”

“Nitahitaji takwimu za mtiririko, mzee.”

“Mtiririko hakuna. Kuna viboko.”

Jopo zima likaandika. Modeli yangu haikuwa na kipengele cha kiboko, na kwa heshima zote, nadhani hata Wachina wenyewe hawanacho. Walisema watanipigia. Lakini nimelifikiria sana swali lile. Katika saili zote nilizopitia, ndilo pekee lililohusu maji ya hapa.

Wakati waajiri wanatafakari, mji ulikuwa umeshaniajiri. Wa kwanza alikuja wa bodaboda. Pikipiki yake ilikuwa na kibandiko chekundu cha Kichina kwenye tangi, na siku zote amekuwa akiwaambia abiria kwamba ni baraka za kiwandani. Alitaka nimsomee, akiandikishe na kwa Kiswahili kule nyuma. Nikainama, nikasoma: marufuku kubeba zaidi ya abiria mmoja. Sasa yeye alikuwa amekuja na mshikaki, abiria wawili nyuma yake, na wote watatu wakanitazama kwa masikitiko.

“Soma vizuri, Mchina,” akasema wa nyuma kabisa.

Nikasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale. Wakaondoka wote watatu kwenye pikipiki ile ile, wakisema elimu ya siku hizi imeshuka.

Halafu wakaja wachimbaji wadogo wa dhahabu kutoka Dirifu. Walikuwa wamenunua karasha jipya Kariakoo, kitabu cha maelekezo Kichina kuanzia jalada hadi jalada, na karasha linanguruma bila kusaga. Nilipofika machimboni nilimkuta mganga ameshatangulia na ameshataja kuku mweusi. Nikasoma kitabu: hakikisha mota inazunguka upande unaoonyeshwa na mshale. Mshale upo, umepakwa tope. Mota ilikuwa inazunguka kinyume tangu siku waliyoifunga. Nikaomba jenereta lizimwe, nikabadilishanisha nyaya mbili kati ya tatu, tukawasha, jiwe likawa unga. Watu wakashangilia. Mganga akashangilia kuliko wote, akaeleza kwamba ndivyo alivyoelekeza usiku. Tukagawana heshima nusu kwa nusu. Kuku akaondoka naye.

Kazi iliyonifaa hasa niliipata Mwamkulu, kwa mkulima wa mpunga mwenye pampu ya petroli. Inawaka vizuri, inapiga kelele ya kutosha kijiji kizima, maji hayaji. Akanipa kijitabu. Nikakiweka pembeni. Pampu ilikuwa imekalishwa juu kabisa ya ukingo, kivulini, isipigwe jua, na maji yako chini kweli kweli. Pampu ya aina ile haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 au 8, uwe Nanjing, uwe Mwamkulu, hata uifanyie maombi, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa, na hewa nayo ina mwisho wake. Tukaiteremsha. Tukaijaza maji kwanza kupitia kizibo cha juu, tukawasha. Mpira ukatikisika, ukakohoa tope, ukatema maji. Mkulima akalipa kwa gunia la mpunga, na tangu siku hiyo simu yangu inaita alfajiri. Mchana nachimbua chekeche za pampu, jioni napima mteremko wa mifereji kwa mpira wa plastiki na maji. Mama hapendi. Anasema mtu wa Kanzidata kurudi nyumbani na tope magotini kunazua maswali.

Juzi kaja mzee mmoja kutoka Kakese, pampu kaifunga nyuma ya baiskeli. Nikamwamkia, nikaipokea, nikaigeuza kutafuta maandishi. Imeundwa India, na kijitabu chake ni Kihindi kitupu.

“Mzee wangu, hii mimi siisomi. Hii ni ya India.”

Akatulia. Akatazama uani, ambako mdogo wangu alikuwa amejiinamia na madaftari yake ya kidato cha sita.

“Huyu ndiye anayekufuata?”

“Ndiye.”

“Mwambieni aende India,” akasema, akaanza kufungua kamba. “Pampu naiacha hapa.”