Waragi ya Kutafuna

Mimi ni mtu wa mtungi. Mtungi ukiwekwa katikati, birika la maji ya moto pembeni, mirija mirefu ikatoka kila upande kama ndevu za kambare, mimi sina swali tena. Hapa Namakwekwe, Mbale, malwa haina maelekezo. Ulezi umechacha, maji ya moto yameongezwa, vuta. Ukichoka mpe jirani mrija, usikilize nani kauza shamba na nani anakataa kulipa deni la mahari.

Ndiyo maana sikumwelewa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliponipigia simu kutoka Kampala. Anatimiza miaka 40, sherehe itafanyika uani kwangu, na hataki kuona mtungi hata mmoja.

"Shemeji, mtungi ni wa matanga," akasema.

"Na wa harusi," nikamwambia. "Na wa imbalu."

"Mimi sitahiriwi."

Alichotaka ni jeli. Si ile ya watoto wa nasari. Jeli ya watu wazima, ina waragi ndani, rangi zake na ladha zake ni za pipi: nyekundu ya stroberi, njano ya nanasi, kijani ya peremende. Inagandishwa kwenye vikombe vidogo, mtu anabinya, kitu kinaruka mdomoni, anatafuna, kalewa. Akanitumia na picha. Nikamuuliza mbona kazi hii inakuja kwangu, Kampala nzima ina wapishi.

"Si ulifundisha kemia?"

Nilifundisha kemia miaka 31. Katika miaka yote hiyo hakuna ndugu wa mke wangu aliyewahi kuona faida yake.

Nikaanza na vikombe. Vidogo vya aina ile sikuviona madukani, nikakumbuka vile vya plastiki vya kupimia dawa ya kikohozi. Nikaenda duka la dawa nikaagiza 60. Kijana wa kaunta akanitazama.

"Mzee, nyumbani wanaumwa wangapi?"

"Sitini. Jumamosi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Wanaumwa nini?"

"Miaka arobaini."

Akaniuzia, kila kimoja shilingi 200, lakini chenji aliiweka juu ya kaunta, hakunipa mkononi.

Kisha pipi. Pipi ngumu ukiitia kwenye maji ya moto nzima nzima utasimama unakoroga mpaka mvua ya pili. Lazima itwangwe. Nyumbani tuna kinu kimoja, cha mti, nacho ni cha karanga. Nikatwanga nusu kilo ya peremende, vumbi lake likanipanda puani, nikapiga chafya za baridi kama niko kileleni mwa Wanale alfajiri. Nilipomaliza nilikiosha kile kinu. Naapa nilikiosha. Ila kinu cha mti hakisahau. Jioni ile mke wangu alipika malewa. Na malewa, kwa asiyejua, si mboga ya kuchezea: ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yamekaushwa kwa moshi, yamechemshwa mpaka yakalainika, yakalazwa ndani ya mchuzi mzito wa karanga. Yakaja mezani yananukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki. Mke wangu alikula matonge mawili, akanawa mikono.

"Hii ni nini?"

"Kemia," nikasema.

Sasa niwaambie habari ya mama mkwe wangu, maana siku zile alikuwa kwetu. Kwa mila, mimi naye hatukaribiani wala hatutazamani. Yeye anakaa upande wa pili wa ukuta wa jiko, mimi upande huu, mke wangu katikati anapeleka maneno, ingawa wote watatu tunasikiana vizuri tu. Siku ya Alhamisi nikawa naloweka jelatini ya unga kwenye maji baridi, dakika tano, ivimbe kwanza kabla ya kutiwa maji ya moto. Sauti ikatoka ukutani.

"Muulize mume wako hicho ni kitu gani."

Nikaeleza: ni ngozi na mifupa ya ng'ombe, pengine ya nguruwe, inachemshwa mpaka gundi yake itoke, gundi ikikaushwa ndiyo unga huu. Kukawa kimya. Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Mwambie hiyo ni molokoni."

Molokoni ni supu ya kwato za ng'ombe, ile ambayo wenzetu wa Dar es Salaam wanaiita makongoro. Ikilala kwenye sufuria, asubuhi unaikuta imeganda, ukiitikisa inatetemeka.

"Mwambie," mama mkwe akaendelea, "sisi molokoni ikiganda huwa tunaipasha moto. Hatuialikii watu."

Nilisimama pale na kijiko mkononi, miaka 31 ya ualimu, nikatafuta kosa katika maneno yake. Halikuwepo.

Kundi la kwanza, la njano, niliharibu mwenyewe. Nilikamua nanasi bichi, zuri, tamu, nikachanganya na jelatini, nikaweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi, maji ya nanasi. Nikaongeza jelatini. Maji ya nanasi. Ukuta ukauliza: mwanamke akiwa na nyama ngumu, anaifunga na nini? Anaifunga na majani ya papai. Na nanasi bichi ni ndugu wa papai kwa kazi hiyo, lina kimeng'enya cha bromelini kinachokatakata protini, na jelatini ni protini tupu. Mimi nilikuwa nagandisha molokoni kwa dawa ya kulainishia nyama. Somo la vimeng'enya nimelifundisha nikiwa na chaki mkononi sijui mara ngapi. Dawa yake ni kuyachemsha kwanza maji ya nanasi, joto linakiua kile kimeng'enya, kisha jeli inashika bila matata. Nikachemsha. Ikashika. Ukuta haukupongeza.

Waragi nayo ina adabu zake. Kaka wa mke wangu alipita akashauri niichemshe pamoja na pipi "iingie vizuri". Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, na huku kwetu mlimani hata hazifiki. Ukichemsha, unachobaki nacho ni pipi ya maji, na jirani aliyesimama karibu na dirisha ndiye amelewa. Waragi inatiwa mwisho, jeli ikiwa imeshapoa kidogo, na isizidi. Ikizidi haigandi. Yeye akaona nambania waragi, akanuna mpaka Jumamosi.

Shemeji alisisitiza kwamba haya ni mambo ya kisasa. Ya kisasa! Mwaka 1862 Mmarekani mmoja, Jerry Thomas, alichapa kitabu cha vinywaji, na ndani yake kuna jeli ya pombe pamoja na onyo kwamba inawapata watu bila wao kujua. Miaka ya 1950 Tom Lehrer, mwanahisabati aliyetunga nyimbo za kuchekesha, yuko jeshini, pombe imekatazwa kwenye sherehe kambini, na mwenyewe amesimulia kwamba alitia vodka kwenye jeli kwa kuwa hakuna aliyekataza kula. Kwa hiyo asili ya kitu hiki ni kumkwepa afande. Sisi tunamkwepa nani? Waragi yetu yenyewe imeshakwepa vya kutosha. Wanasema jina lake lilianza kwa Waingereza, jini ya vita, nasi tukalipinda ulimi. Sheria ya mwaka 1965 ikataka wapikaji wawe na leseni, watu wakaendelea kupika migombani. Mwaka 2019 serikali ikaviondoa vile vifuko vya waragi vya kung'atwa pembeni kwa meno, kwa sababu vilikuwa vidogo, rahisi, na vinaingia hata kwenye mfuko wa sare ya shule. Na mimi, mwalimu mstaafu, Ijumaa usiku nimeinama mezani natia waragi kwenye vikombe vidogo kuliko vifuko vile, na nimeipaka rangi ya pipi.

Hapo ndipo nilinuna kwa dhati, wala sikutania. Mjukuu wangu wa miaka mitano alikuja akashika ukingo wa meza, akatazama zile nyekundu zinavyong'aa, akasema, "Jaja, nipe switi." Mtungi wa malwa haujawahi kuitwa switi na mtoto yeyote. Unanuka, una rangi ya tope, mtoto akiuchungulia anaondoka mwenyewe. Hiki cha shemeji kimetengenezwa makusudi kimwite. Nilifunga friji kwa kamba ya mbuzi na vikombe nikavihesabu: 60. Kabla ya kulala nikavihesabu tena.

Watoto waliokolewa na Hajati, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Yeye pombe haigusi, wala jelatini isiyojulikana ni ya mnyama gani. Lakini ujana wake aliishi Mombasa, na alikuja na faluda: maziwa, sukari, iliki, yamegandishwa kwa agari inayotokana na mwani wa baharini. Nyeupe pe, haifanani na zangu hata gizani. Akaiweka mezani, mimi nikamkaribisha aiweke kwenye friji.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Hii haina shida ya friji."

Sikulitia maanani neno hilo.

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi umeme ulikatika. Saa tatu asubuhi haukuwepo. Saa sita mchana jua limesimama juu ya Mbale, nikafungua kamba ya mbuzi. Jelatini huyeyuka kwenye joto dogo kuliko la mwili, ndiyo siri ya kuyeyuka kwake ulimini, na ikiwa na waragi ndani inazidi kuwa dhaifu. Vikombe 60 vya uji. Nyekundu ni uji, njano ni uji, kijani ni uji, yote inanukia duka la dawa. Na pale mezani, tangu jana, bila friji wala kivuli, faluda ya Hajati imesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie kuchemka.

Shemeji akashuka kwenye gari na viatu virefu, akaja moja kwa moja kwenye sinia. Akatazama. Mimi nikatazama mlima.

Ukuta ukakohoa. "Mwambieni alete mtungi."

Basi tukamimina vikombe vyote 60 ndani ya mtungi, mirija ikachovywa, wazee wakasogeza viti. Wakavuta. Hakikuja kitu. Mzee mmoja alivuta mpaka mashavu yakakutana. Mrija wa malwa mwisho wake una chujio, la kuzuia makapi ya ulezi, na vipande vya jeli vilivyobaki vilikuwa vimejibandika pale vyema kabisa. Mwingine akapuliza badala ya kuvuta, mtungi ukatoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Shemeji akakaa chini akavua viatu.

Aliyeokoa ni mke wangu. Hakusema neno, alichukua birika akaongeza maji ya moto, kama anavyoongezea malwa siku zote. Jeli ikalegea, mirija ikazibuka, na uani kwangu kukaingia ukimya wa watu wanaofanya kazi. Ladha yake ilikuwa ya stroberi, nanasi na dawa ya meno, ya moto. Wakaisifu! Tatizo ni kwamba malwa mtu huivuta tangu mchana mpaka kiza, ina subira. Hii ni waragi. Ilipofika saa kumi mzee wa mashavu akasimama, akatoa hotuba ndefu ya kumpongeza bibi harusi na kuusifu ukoo wa bwana harusi kwa ng'ombe waliotoa. Shemeji akasimama akamshukuru. Alikuwa keshavuta naye.

Watoto walikula faluda yote. Mama mkwe alipelekewa bakuli nyuma ya ukuta, na niliposikia kijiko kinakwangua chini nikajua Hajati ameshinda na mimi sikuwa hata mashindanoni. Jumapili umeme ukarudi, kaka wa mke wangu akarudi pia kuuliza kama kuna iliyobaki. Malewa bado yananukia peremende, mke wangu ameagiza kinu kingine.

Vikombe vyangu vyote 60 vipo, nimevihesabu, vimeoshwa kwa maji ya moto. Mwenye mtoto anayekohoa, hapa Namakwekwe au hata kule Jinja, aje avichukue bure.