Nyota 4.8 na Jenereta

Mtandao wa malazi wa Airbnb humpa mwenyeji beji ya Superhost akifikisha wastani wa nyota 4.8, akijibu asilimia 90 ya maulizo, tena asifute-fute nafasi za wageni. Kila miezi 3 anapimwa upya.

Pole, mama mwenye nyumba wa Kolwezi, Kongo. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, ukiwasha jenereta mgeni anakata nyota: kelele. Ukiizima anakata nyingine: giza. Na anaandika hayo kwa simu ambayo kobalti ya betri yake huenda ilitoka Kasulo, mtaa wa hapa hapa, ambako tangu 2014 watu wamechimba hadi chini ya sakafu za vyumba. Huko mgeni mheshimiwa ni mnunuzi wa madini: shuka hazitazami, anapima mawe, kwa kimashine chake mwenyewe.