Barua kwa Mkubwa Mwenye Kamba

Kasha, Bagira, Novemba 2019

Kwako Mkubwa Mwenye Kamba,
Barabara ya Taifa namba 5, Uvira–Bukavu

Mkubwa,

Nakusalimu nikiwa nimevua kofia. Jina lako silijui, na sahihi kwenye risiti zako haisomeki, kwa hiyo nakuita kwa kazi yako: wewe ndiye unayefunga kamba barabarani na kuifungua.

Mimi ni yule papa wa kamionete Hilux, nyeupe upande mmoja, upande wa pili rangi iliyokuwa imebaki kwenye kopo la fundi. Niliinunua Uvira kwa dola 3,200. Ilizaliwa Japani ikazeekea Tanzania, ndiyo sababu usukani wake uko kuume, na sisi Kongo tunaendesha kuume vilevile. Ukitaka kulipita lori, inabidi umwulize jirani aliyekaa kushoto kama mbele kuna gari. Jirani yangu alikuwa gunia la mchele. Nilimwuliza mara mbili, hakujibu.

Kamba yako ya kwanza niliikuta injini haijapata hata moto.

“Papa, karti rozi?”

Nikaitoa hati hiyo ya gari.

“Jina hili si lako.”

Nikaeleza kwamba ni la aliyeniuzia, na mapatano yetu ni haya hapa, yana sahihi na mashahidi.

“Basi gari si yako.”

Nikasema kama gari si yangu, faini nayo si yangu. Ujanja huo ulinigharimu faranga elfu 10.

Tena nilikuwa nadhani nimekwisha kulipa. Tangu sheria ya Julai 2008 iliyounda FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, kila lita ya mafuta inatoa sehemu yake. Nilikuwa nimejaza lita 40. Nikahesabu kwamba mimi na barabara tumemalizana.

Kwenye kamba ya tatu waliuliza nabeba nini. Gunia moja, nikasema, nikalipia gunia. Kwenye ya nne nilikuwa nimelisukuma gunia chini ya kiti. Kijana akazunguka nyuma, akakuta hakuna kitu, akatikisa kichwa kwa huzuni: gari ya mizigo inatembea bila mizigo, hiyo inatia shaka. Nikalipia shaka. Kwa upande wa risiti nakusifu, maana kwa kamba tisa ninazo saba. Moja imeandikwa ushuru wa mbuzi. Mbuzi huyo sijamwona mpaka leo.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili, vya wenye sare na vya wasio na sare, wakapata 798. Niliposoma namba hiyo nilisema wametia chumvi. Sasa naona walichoka.

Sange nilipunguza mwendo bila kuamriwa na mtu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 200, wengine walikuwa wamekaa tu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Kijana wako wa hapo aliinua kamba bila kusema neno. Namshukuru.

Wenye busara, wakifika Kamanyola, huvuka mto Ruzizi wakaingia Bugarama, upande wa Rwanda, wakapanda kwenye lami na kurejea Kongo kandambili zikiwa safi. Mimi niliona aibu kutoka Kongo ili nifike Kongo. Na kusema kweli, kwa karti rozi ile mpakani ningelala. Nikapanda Ngomo.

Mvua ilinikuta katikati ya mlima. Unaijua Ngomo, Mkubwa: upande huu ukuta wa udongo, upande ule hewa. Pine za nyuma zikazunguka palepale, kamionete ikakalia tope kwa tumbo. Nilihitaji kitu kimoja tu, kamba. Nikakumbuka nimetoka kupita kamba! Nikateremka kwa miguu hadi kwenye kizuizi nilichokwisha kulipa. Ilikuwepo, ya nailoni, buluu, nene kama kidole gumba, imefungwa kwenye mianzi miwili. Nikaomba kuiazima kwa nusu saa. Kijana akanitazama kana kwamba nimeomba bendera.

“Papa, hii ni kamba ya Serikali.”

Nikamwambia kwamba gari langu limeziba njia, kwa hiyo hakuna gari lingine la kusimamisha, kamba haina kazi. Akafikiri kidogo. Akanijulisha kwamba kuziba njia nako kuna faini yake.

Walionitoa ni vijana kumi na mmoja walioshuka kutoka juu ya lori la mihogo. Walisokota kamba za migomba mara nne, wakavuta wakiimba, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawa anatuwekea mawe chini ya pine. Hakuna aliyeniuliza karti rozi. Niliwapa mchele, gunia zima.

Bukavu niliingia kwa upande wa Panzi saa tatu usiku, nikapita Essence na Nyawera, nikaelekea Bagira taa moja ikiwaka. Hapa Kasha watoto waliruka kutoka kitandani. Mama yao aliizunguka kamionete kwa tochi ya simu, akauliza nimeinunua bei gani. Nikasema 3,200. Akafungua kisanduku cha mbele, risiti zikamwagika miguuni pake, akaokota ile ya mbuzi na kuisoma kwa sauti. Tulijumlisha usiku uleule: dola 61 za kamba, kwa njia isiyofika kilomita 150.

Sikuombi uondoe vizuizi, Mkubwa. Najua kuna watoto wanaokula pale. Naomba kwamba pale Ngomo, karibu na kamba ya kufunga, uweke nyingine ya kuvuta. Nitailipia kila nikipita. Na kama kwenye daftari lako hakuna mahali pa kuiandika, andika mbuzi.

Ni mimi,
Papa wa kamionete, Kasha