Wiki ya Tochi

Jumatatu

Kampuni ninayoilindia ghala usiku, hapa pembeni mwa Dallas, imetoa waraka. Kila mlinzi mwenye silaha afunge tochi kwenye bastola yake. Tochi ni ya kujinunulia. Waraka umesainiwa na mtu wa zamu ya mchana.

Nimenunua ya lumeni 1,000. Inakaa chini ya mtutu, kwenye reli. Jeshi la Marekani liliweka kiwango rasmi cha reli za namna hii mwaka 1995, ili kifaa cha yeyote kikae kwenye silaha ya yeyote. Watengenezaji kadhaa wa bastola waliliitikia jambo hilo adhimu kwa kuchonga kila mmoja reli yake. Ndiyo maana tochi huja na kimfuko cha vipande vya kubadilisha. Kilichokubali kwangu kilikuwa cha mwisho.

Jumanne

Bastola yenye tochi haiingii kwenye mfuko wake wa kiunoni. Nimepanga foleni dukani nyuma ya bwana aliyetaka wa mkono wa kushoto, wa rangi ya jangwa. Walijadiliana kuhusu jangwa kwa muda mrefu.

Zamu yangu ilipofika nilielezwa kwamba mifuko hii ya plastiki ngumu hufinyangwa kufuata umbo la tochi. Ukibadilisha tochi, umebadilisha mfuko. Wa tochi yangu huagizwa, na huchukua wiki sita. Muuzaji alinishauri kwa upole nitafute tochi yenye mifuko mingi sokoni. Nikauliza kama naweza kuirudisha hii. Ikishafunguliwa hairudishwi.

Jumatano

Bosi ameniazima mfuko wa marehemu bastola yake. Yangu inaingia ikisukumwa.

Saa nane usiku kitu kilianguka nyuma ya makasha. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mtutu hauelekezwi kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Tochi imeshikamana na mtutu. Kwa hiyo chombo chenye mwanga mkali kuliko vyote humu ghalani hakiruhusiwi kutazamia chochote, mpaka uwe umeshajua unachotazama. Wataalamu wengi wanakubaliana: mwenye tochi ya bastola abebe na tochi ya mkononi. Hilo waraka haukulitaja.

Nilimulika kwa simu. Alikuwa dereva wa lori, anatafuta choo. Amelalamika kwamba mwanga wangu ni hafifu.

Alhamisi

Mafunzo ya shabaha, gizani. Swichi ya tochi iko mbele kidogo ya kilinda triga. Ukiisukuma upande mmoja, inawaka na kubaki. Upande wa pili, inawaka kwa muda ule tu unaoishikilia. Kazi hiyo ni ya kidole gumba cha mkono unaosaidia, kwa sababu kidole cha shahada kina majukumu mazito zaidi na hakipaswi kutumwa dukani. Gumba langu halifiki. Mwalimu alinionyesha lake, ambalo linafika na kubaki na ziada.

Nilipoiwasha hatimaye, nilikuwa nimeelekea ukuta mweupe. Lumeni 1,000 zilikwenda na zikarudi zote. Mwalimu aliuliza nimeona shabaha ngapi. Nilimwomba anipe muda.

Baada ya risasi chache kioo cha tochi huingia masizi. Walinzi wakongwe hukipaka mafuta ya midomo kabla ya kufyatua, kisha masizi yanafutika kwa kitambaa. Mimi nilikuwa na ya binti yangu, ya stroberi. Silaha ya ulinzi sasa inanukia.

Ijumaa

Shemeji amekuja na ushauri: niongeze leza. Yake ni nyekundu. Tuliijaribu uani saa sita mchana, bastola ikiwa tupu, na nukta haikuonekana kabisa. Kijani huonekana vizuri zaidi juani, kwani jicho la binadamu linaipenda rangi hiyo. Bei nayo inajua.

Leza hukaa chini ya mtutu, hivyo nukta na risasi hukutana kwa umbali mmoja uliopangiwa. Kabla na baada ya hapo, kila kimoja kina safari yake. Jioni nukta ilionekana vizuri ukutani, ikitapatapa kama inzi. Shemeji alisema leza imelegea. Tulimshikisha mama watoto na ikatulia.

Shemeji hutaja sana filamu ya The Terminator ya mwaka 1984. Leza ya bastola ya filamu hiyo ilikuwa ya gesi ya heliamu na neoni, na ilihitaji waya zipite ndani ya nguo mpaka kwenye betri zilizofichwa kwenye koti. Schwarzenegger aliigiza mtu wa chuma. Mimi nina mgongo.

Jumamosi

Tochi inatumia betri mbili za CR123A. Duka la jirani lina za saa, za redio na za vifaa vya masikioni. Betri hizi za lithiamu hukaa kabatini miaka 10 bila kuharibika. Tochi ikiwaka, zinaisha kwa kama saa moja na nusu. Nimependelea kabatini.

Jumapili

Umeme ulikatika usiku. Mama watoto akasema, baba, lete hiyo tochi ya bei mbaya tutazame fyuzi. Nikamweleza kwamba lazima kwanza itolewe kwenye bastola. Kabla ya kuitoa, magazini itoke, chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, na kukagua kunahitaji mwanga. Alinishikia mshumaa.

Nilikuwa kwenye skrubu umeme uliporudi. Ameuzima mshumaa na kuniambia, kwa kuwa niko macho, vyombo viko kwenye sinki.