Sifa za Kiroba cha Dagaa

Vingi vilivyowahi kushuka Bagamoyo kutoka bara vimepata wa kuviandika. Pembe za ndovu zimeandikwa, wapagazi wa Kinyamwezi wameandikwa, na maiti ya Livingstone, iliyofikishwa pale Februari 1874 na Chuma, Susi na wenzao, imeachiwa mnara wenye jina lake misheni. Kiroba cha dagaa wa Makoko, Musoma, hakijapata hata mstari mmoja. Leo nakipa haki yake.

Nasaba yake haina doa. Dagaa hawa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wakivutwa na mwanga wa taa juu ya maji. Asubuhi wanamwagwa mwaloni na jua la Musoma linamaliza kazi. Wenye bahati huanikwa kwenye vichanja au juu ya mawe. Wengine hulala mchangani, ndiyo maana mnunuzi hupimiwa na mchanga kidogo, bila nyongeza ya bei. Mtu wa Kigoma atakwambia wake ndio dagaa hasa. Mtu wa Dar atakwambia wetu ni chakula cha kuku. Wakaribishe wote wawili mezani uone.

Sasa tazama adabu zake safarini. Familia ikitoka Musoma kwenda likizo Bagamoyo, hofu kubwa ni mzigo kupotea. Begi jeusi linafanana na mabegi meusi yote ya nchi hii, na linaweza kushukia Nzega na mtu asiyelijua. Kiroba kinajitambulisha chenyewe. Hakichagui jirani pia: kila sanduku lililolala nacho kwenye buti kililigawia harufu, wala hakikudai nauli.

Konda alikiinamia kabla hata hatujaondoka stendi.

"Mama, humu mna nini?"

"Nguo za watoto, mwanangu," mke wangu akajibu.

Konda akavuta pumzi. "Hao watoto wanavua?"

Wanaoona huo ni uongo wa kijinga hawajui historia. Maiti ya Livingstone nayo ilitiwa chumvi na kuanikwa juani kabla ya safari, na baada ya kupita Tabora wabebaji waliifunga ionekane kama robota la nguo, maana vijiji vya njiani havikutaka maiti ipite. Mke wangu hajawahi kusoma habari hiyo. Alifika hapohapo kwa akili yake, na yeye alilipishwa nauli ya mzigo juu.

Bagamoyo tuliona Boma la 1897, tukaona forodha ya zamani, tukaenda Kaole kwenye makaburi na msikiti wa kale. Mwongozaji alieleza vizuri: huu ulikuwa mji mkuu wa Wajerumani hadi 1891, wakahamia Dar es Salaam kwa sababu maji ya hapa ni mafupi na meli kubwa hazisogei. Watoto walisikiliza kwa sura ya mtu anayengoja chakula cha mchana. Alipofika kwa wapagazi, kwamba kila mmoja alibeba kama kilo 30 kwa miezi kadhaa, kijana wangu akainua kichwa. Ndiye aliyejitwika kiroba kutoka stendi hadi kwa shangazi yangu.

"Walikuwa na ngata?"

Mwongozaji alisita kidogo. Nadhani watalii huwa hawamuulizi hilo. Kutoka hapo kijana hakunyamaza: chakula chao nani alibeba, akiumwa mmoja mzigo wake anapewa nani, walilipwa njiani au mwisho. Ada ya shule ninayolipa kila muhula haijawahi kunipatia maswali kama hayo.

Shangazi alituita majina tukiwa bado nje ya geti, kabla hajatuona. Siku hiyohiyo akachambua vichwa, akaosha mara mbili kwa maji ya moto, akakaanga na kitunguu na nyanya, kisha, Mungu amsamehe, akamimina tui la nazi. Baba yangu alisema dagaa wa ziwa hawapikwi hivyo. Akaomba ugali mara ya pili.

Wakati wa kurudi alitujazia kiroba kilekile nazi, baada ya kukifua kwa sabuni na kukianika mpaka kikawa kitakatifu. Mzigo safi, usionuka, ambao abiria yeyote angetamani kuketi nao. Tulipofungua buti Bunda, nazi tatu tayari zilikuwa zimeshukia mahali pengine na wenyewe wapya.